Yogi Berra hakuitwa kwa jina la dubu

Wengi hudhani Yogi Berra, mdakaji wa timu ya besiboli ya New York Yankees, alibandikwa jina la yule dubu wa katuni, Yogi Bear. Ni kinyume chake. Dubu alianza kuonekana kwenye televisheni mwaka 1958. Berra, jina halisi Lawrence, alikuwa Yankees tangu 1946, na "Yogi" alipewa ujanani huko St. Louis na rafiki aliyemwona akikaa amekunja miguu kama yogi, yaani mfuasi wa yoga, wa Kihindi. Hanna-Barbera, waliotengeneza katuni, walidai ni sadfa tu. Sadfa gani, na Berra mwenyewe alishatwaa tuzo ya mchezaji bora mara 3? Alipofariki 2015, shirika la habari la AP lilitangaza kwamba aliyekufa ni Yogi Bear.