Beni: gwaride la vijana wa mjini lililopita kwenye harusi kabla ya kufika kwetu

Kila tunapoanza mazoezi ya halaiki, siku ya pili au ya tatu hivi, jua likishawachoma vijana ninaowafundisha, hazuki mwingine ila yule kijana mbishi: "Mwalimu, hili gwaride si mambo ya askari? Sisi raia linatuhusu nini?" Mimi humjibu kwamba babu wa babu yake huenda alilicheza barabarani kwa hiari yake, tena akatoa pesa mfukoni ili aruhusiwe kupanga mstari. Hapo hunyamaza wakanisikiliza. Ngoma yenyewe iliitwa beni.

Jina ni lile lile la Waingereza lililotupa "bendi", ila hili lilishuka pwani mapema, miaka ya 1890, likatamkwa kipwani. Ala za shaba zilikuwa zikisikika pande mbili. Unguja, Sultani alikuwa na bendi yake, wapigaji wengi wakiwa Wagoa. Ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa kulikuwa na Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kiingereza wa CMS (Church Missionary Society) mwaka 1875, ambako vijana walifundishwa kupuliza matarumbeta. Leo pale wengi wanapaita Kengeleni, kwa ile kengele iliyobaki.

Vijana wa mjini wakasikia, wakapenda. Lakini hawakuanza na ukurasa mweupe. Mji wa Waswahili ulikuwa umegawanyika siku nyingi: Lamu kuna mitaa ya Mkomani na Langoni, Mombasa kuna makundi ya koo ya Thelatha Taifa na Tisa Taifa. Ngoma ya pwani bila mpinzani ilikuwa kama chakula bila chumvi. Upande mmoja ukichinja mbuzi, wa pili unachinja ng'ombe. Huku wakitungiwa shairi la kejeli, kule wanalala macho wakitafuta la kujibu. Kwa hiyo Mombasa ilipopata chama cha beni kilichojiita Kingi, ilikuwa lazima kitokee kingine, nacho kikatokea: Skochi, kwa jina la wale askari wa Uskochi. Watu walikopa, waliuza, walifilisika kwa ajili ya sare na karamu.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema beni ilikuwa kumwiga mzungu tu. Mtu anayeiga humtazama anayemwiga. Hawa walikuwa wakitazamana wenyewe kwa wenyewe, mtaa kwa mtaa, na mzungu alikuwa duka la nguo. Walichukua kofia, fimbo ya jenerali, na ule utaratibu wa kugeuka pamoja, kisha wakarudi nazo kwenye ugomvi wao wa zamani.

Upande wa Tanganyika, tangu enzi za Mjerumani, majina makubwa yalikuwa mawili: Marini na Arinoti. Marini walijiona ndio wastaarabu, na wengi wa makarani na watu wa vyeo vya mjini walikuwa kwao. Arinoti walikuwa na watu wa chini zaidi. Hapo sasa ndipo mimi hupenda kukaa, kwa sababu watu huangalia miguu wakasahau daftari. Chama cha beni kilikuwa na kingi wake, yaani mfalme, majenerali wake, madaktari, na mabibi wenye vyeo vyao. Mwanachama alilipa ada na kutozwa faini akikosea. Akiugua alitembelewa, akifa alizikwa na chama, na akihamishwa kikazi kwenda mji asiokuwa na ndugu, alikuta tawi la wenzake likimngoja. Fikiria kijana wa Tanga anashuka treni Tabora mwaka wa njaa. Hajui mtu, lakini ni Marini. Analala kwa Marini.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoitembeza beni bara. Ilichezwa na askari wa Mjerumani, ikachezwa na wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Mwingereza. (Wapagazi wa vita hiyo ndio waliotuachia jina la Kariakoo, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.) Vita vilipokwisha, askari walirudi makwao na hatua miguuni. Huko Malawi ikawa malipenga na mganda, Zambia ikawa mbeni, baadaye kalela.

Serikali za kikoloni hazikulala. Kundi la Waafrika lenye vyeo, madaftari na barua za kutoka tawi hadi tawi lilimtia wasiwasi kila bwana shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni. Waingereza walichunguza mara tu baada ya vita. Halafu Mei 1935 wachimba migodi wa shaba wa Mufulira, Nkana na Luanshya, katika Zambia ya leo, waligoma kwa ajili ya kodi iliyopandishwa, polisi wakaua watu sita pale Luanshya, na tume ya uchunguzi ikajikuta inauliza maswali kuhusu ngoma: mbeni walikuwa na mkono gani katika kuwakusanya watu? Kwangu mimi swali hilo si la ajabu. Ukishawazoesha watu mia kusimama kwa neno moja, wanaweza kusimama hata kwa neno ambalo hukulipanga wewe.

Mahali ninapopapenda zaidi katika historia yote hii ni hapo hapo Luanshya, mwaka 1951, katika kalela ya mji huo wa migodi. Vijana wamevaa suruali za kijivu zilizopigwa pasi, viatu vinang'aa, nywele zimechanwa njia. Kuna "daktari" wa kanzu nyeupe yenye msalaba mwekundu kifuani. Na kuna mwanamke mmoja tu, "nesi", naye kavaa nyeupe. Kazi yake ni kupita katikati ya mistari akiwa na kioo na kitambaa: kioo mchezaji ajitazame kama bado amekaa sawa, kitambaa afutwe jasho. Nimefundisha gwaride miaka mingi na hakuna afisa aliyewahi kuniambia jambo hilo. Sasa kwenye kikosi changu kuna binti mwenye kioo.

Mijini, beni ilianza kuchuja miaka ya 1930. Dansi lilikuja, vyama vya Waafrika vikaja, mpira ukaja. Yanga ilianzishwa 1935, Simba ikafuata 1936, na ukinisikiliza mimi, ule utamu wa kumzomea mpinzani wa mtaa wa pili haukufa, ulibadilisha jezi. Unguja bado utasikia beni ya harusi ikipita vichochoroni, watoto nyuma.

Ukitaka hatua yenyewe ilivyokuwa, nenda Nyasa, kusini mwa Tanzania, pande za Mbamba Bay, utafute mganda. Wanaume mistari kwa mistari, kaptula nyeupe, soksi ndefu, ngoma kubwa moja. Askari hupiga kisigino chini. Hawa magoti yanalegea, kiwiliwili kinainama kidogo, mguu unafika ukiwa umechelewa nusu pigo, wote pamoja. Kuchelewa pamoja ni kugumu kuliko kuwahi pamoja. Jaribu na vijana thelathini utaniambia.

Na matarumbeta ni vibuyu. Vinaunganishwa kimoja kwa kingine hadi vinapata umbo la pembe, na pembeni hutobolewa tundu dogo linalofunikwa kwa utando wa kifuko cha mayai ya buibui. Mchezaji hapulizi, anaimba ndani, na utando ndio unaotia ule mkwaruzo wa shaba. Nilikiomba kimoja nijaribu. Nikapuliza kwa nguvu kama tarumbeta la skauti, utando ukapasuka. Mzee mwenye kibuyu hakunigombeza. Alikigeuza, akakitazama, akainuka kwenda nyuma ya mlango wa jiko kutafuta buibui mwingine.