Je, wajua Afrika Kusini inaishikaje Lesotho?

Lesotho imezungukwa na Afrika Kusini pande zote. Ukitazama ramani utadhani nguvu yote imo katika mipaka, lakini mkono mzito zaidi umo hazina.

Tangu 1910 nchi hizi mbili zimo katika umoja wa forodha, SACU, pamoja na Botswana na Eswatini. Namibia ilijiunga 1990. Bidhaa zinazotoka nje ya umoja hulipiwa ushuru mara moja, fedha zinaingia katika mfuko wa pamoja unaosimamiwa na Pretoria, kisha kila mwanachama hupokea fungu lake kwa awamu. Kwa mkataba wa 2002, ushuru wa forodha hugawanywa kwa kuangalia nani ananunua zaidi kwa wenzake ndani ya umoja. Lesotho hununua karibu kila kitu Afrika Kusini, hivyo hupata fungu kubwa kuliko ukubwa wa uchumi wake. Hapo ndipo mtego ulipo. Mafungu hutolewa kwa makadirio, na makadirio yakizidi, ziada hukatwa katika malipo ya miaka ya mbele. Baada ya msukosuko wa 2008, Afrika Kusini ilipoagiza bidhaa kidogo, bajeti ya Maseru, mji mkuu wa Lesotho, ilitoboka bila kosa lake.

Sarafu nayo imefungwa. Loti moja ya Lesotho ni randi moja ya Afrika Kusini, kwa hiyo riba ikipandishwa Pretoria, mkopaji wa Maseru huumia vilevile. Randi hupokelewa madukani Lesotho. Loti dukani Johannesburg ni shida. Botswana iliachana na randi 1976, ikaanzisha pula yake.

Mpaka ukitumiwa kama silaha, matokeo huja haraka. Januari 1986 serikali ya makaburu iliubana mpaka, ikidai wapiganaji wa ANC, chama kilichopigania kuondoa ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, wafukuzwe Lesotho. Mafuta na bidhaa zikaadimika, na tarehe 20 jeshi la Lesotho likampindua Waziri Mkuu Leabua Jonathan. Wakimbizi wa ANC wakaondolewa. Oktoba mwaka huohuo watawala wapya wakatia saini na Afrika Kusini mkataba wa maji uliokuwa umejadiliwa kwa miaka mingi.

Maji hayo ndiyo turufu ya Lesotho. Kutoka bwawa la Katse, lenye ukuta wa mita 185, hupita kwenye mahandaki hadi mto Ash, kisha bwawa la Vaal linalohudumia Johannesburg, na Lesotho hulipwa mrabaha. Ila bei na kiasi vimeandikwa katika mkataba. Kuyafunga maji kwa hasira ni kujikatia mapato.