Ajira mpya: rais anapotaja idadi, ni nini kimehesabiwa?

Ajira mpya ni ongezeko la watu walio kazini kutoka mwaka mmoja hadi mwingine. Nchini Kenya hesabu hiyo hufanywa na Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, na matokeo yake hutolewa kila mwaka katika ripoti ya hali ya uchumi. Wataalamu huchukua jumla ya walio kazini mwaka huu, wakatoa jumla ya mwaka uliopita, na kinachobaki ndicho huitwa ajira mpya. Kwa hiyo kiwanda kikiachisha kazi watu 300, na wengine 500 wakaanza kuuza mitumba, hesabu itaonyesha ajira mpya 200. Wale 300 hawaonekani popote katika idadi hiyo.

Hapo ndipo ubishi kuhusu rais huanza kwenda kombo. Mfuasi wake anataja idadi, mpinzani anasema ni uongo mtupu, na huenda idadi ni sahihi kabisa ila kila mmoja anafikiria kazi ya aina yake.

Tazama mwaka 2024. KNBS ilihesabu ajira mpya 782,300. Kati ya hizo, 703,700 zilikuwa za sekta isiyo rasmi, yaani jua kali. Katika kila ajira kumi, tisa ni mama mboga, fundi wa kuchomelea vyuma, mwendesha boda boda, mwenye kibanda cha simu. Ukiwaacha wakulima wadogo na wafugaji, ambao hawamo katika hesabu hii, Wakenya waliokuwa kazini walikuwa takriban milioni 20.8, na milioni 17.4 kati yao walikuwa wa jua kali.

Kazi hizo ni halali na zimesomesha watoto wengi, wala sioni sababu ya mtu yeyote kuzidharau. Lakini hazina mkataba, hazina likizo ya ugonjwa, na akiba ya uzeeni ni mtu mwenyewe kujiwekea akibahatika. Mwendesha boda boda akivunjika mguu, mapato yanakoma siku hiyo hiyo. Isitoshe, nyingi ya kazi hizi wenyewe wamejitengenezea, kwa pesa za chama cha kuweka akiba au mkopo wa jamaa. Serikali inaweza kuwarahisishia au kuwatatizia, lakini kusema rais ndiye aliyezitengeneza ni kumvisha sifa ya jasho la wengine.

Mtindo huu wa kujisifu kwa idadi ya ajira haukuanza na Rais William Ruto. NARC, muungano wa vyama uliomwingiza Mwai Kibaki Ikulu, uliingia madarakani ukiahidi ajira 500,000 kwa mwaka. Uhuru Kenyatta na chama chake cha Jubilee, katika kampeni za 2017, wakaahidi milioni 1.3 kwa mwaka. Takwimu za enzi ya Kibaki zilisoma ajira zaidi ya 400,000 kwa mwaka, karibu na ile ahadi, na bado vijana wenye vyeti walizunguka na bahasha zao mjini. Nyingi zilikuwa za jua kali.

Kisha kuna kazi za mradi. Mpango wa nyumba za bei nafuu unagharamiwa na makato ya asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi, na mwajiri huongeza kiasi kicho hicho. Mwashi anayejenga nyumba hizo ana kazi kweli, lakini mjengo ukiisha, naye kazi yake imeisha. Anayetaka kuupima mpango huo kwa haki aulize kazi hizo zilidumu miezi mingapi, na makato yale yamemzuia mwajiri mwingine kuongeza watu wangapi.

Kwa maoni yangu, nguvu kubwa ya rais juu ya ajira iko mahali ambapo hotuba hazifiki sana. Serikali ikikopa kwa wingi humu nchini kwa riba nono, benki huona afadhali kuikopesha serikali kuliko mwenye karakana ya samani. Ikichelewa kuwalipa wakandarasi na wauzaji bidhaa, hao nao hushindwa kulipa mishahara na kupunguza watu. Madeni ya namna hiyo yamelimbikizwa na serikali kuu na kaunti kwa miaka mingi, chini ya marais tofauti.

Nafasi ambazo serikali huajiri yenyewe nazo zinahitaji jicho la karibu. Walimu wanagenzi wa sekondari msingi (JSS), wenye digrii au diploma na waliosajiliwa na tume ya kuajiri walimu, TSC, walikuwa wakifundisha ratiba kamili kwa posho ya Sh20,000 kwa mwezi, ambayo baada ya makato ilibaki kama Sh17,000. Je, hiyo ilikuwa ajira? Aprili 2024 mahakama ya ajira iliamua kwamba kuwatumia walimu waliohitimu kwa masharti ya uanagenzi kulikiuka haki zao, na mwezi uliofuata wakagoma. Januari 2025 maelfu yao wakaingizwa katika ajira ya kudumu. Katika hotuba, mwalimu mmoja anaweza kutajwa mara mbili: alipochukuliwa kama mwanagenzi, na alipothibitishwa. Darasani ni yule yule, na kilichobadilika ni mshahara, bima ya afya na pensheni.