Kukimbia Sana, Kula Kidogo: Maswali na Majibu kwa Wakimbiaji wa Mbio Ndefu

Wakimbiaji wengi wanaotujia na ufa kwenye mfupa walianza kuugua miezi mingi kabla mguu haujauma. Mguu umewaleta tu. Ukimwuliza msichana alipata hedhi lini mara ya mwisho, anajibu huku akicheka: "Aah, hiyo ilishakata, si nafanya mazoezi." Jibu hilo tumelisikia mno, na ndilo lililotufanya tuandike haya.

Kula pungufu ni nini? Mbona mimi nakula milo mitatu?

Ni kula chakula kisichotosha kulipia mbio na kubakiza cha kuendeshea mwili. Idadi ya milo haituambii kitu, tupige hesabu. Kukimbia kilomita moja hugharimu takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito wako. Mkimbiaji wa kilo 50 akikimbia kilomita 20 kwa siku, ameunguza kama 1,000. Tuseme siku hiyo amekula 2,200, kiasi ambacho mtu wa umbo lake asiyekimbia angeshiba nacho vizuri. Zinabaki 1,200 za moyo, ubongo, ini, mifupa, ovari, joto la mwili na mengine yote.

Mwili wake, ukiacha mafuta, una kama kilo 42. Gawanya: anapata chini ya 29 kwa kila kilo. Mwili wa mwanamke huhitaji karibu 45 ili kazi zake zote ziende sawa. Ukishuka chini ya 30, homoni za uzazi huanza kuyumba, na majaribio yameonyesha kwamba siku 5 tu zinatosha kuliona hilo kwenye damu. Hiyo 30 si ukuta. Wapo wanaoumia wakiwa juu yake. Mkimbiaji wetu alihitaji kama 2,900, wala hakujinyima kwa makusudi. Alishiba mapema tu, kwa sababu mazoezi makali huua hamu ya kula.

Mwaka 2014 wataalamu wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki waliipa hali hii jina pana, Relative Energy Deficiency in Sport, yaani upungufu wa nishati kwa wanamichezo, ambalo leo hufupishwa REDs, ilipokuwa wazi kwamba madhara yake yanavuka hedhi na mifupa, na kwamba wanaume nao wanaipata.

Lakini sijakonda. Uzito wangu haujabadilika mwaka mzima.

Mizani haikusafishi. Mwili unaopewa kidogo hubana matumizi: unapunguza homoni za tezi ya shingo, unapunguza joto, unasimamisha uzazi, unaacha kukarabati mifupa. Uzito unaweza kutulia palepale huku ndani vitu vinafungwa kimoja kimoja.

Nimekosa hedhi miezi minne. Wenzangu wanasema ni dalili kwamba mazoezi yamekolea. Ni kweli?

Hapana.

Kwanza pima mimba, na upime kweli badala ya kukisia. Kama hakuna mimba, basi ubongo umeacha kuziamuru ovari kwa sababu umeona hakuna nishati ya kutosha. Estrojeni inashuka, na estrojeni ndiyo inayozuia mfupa usiliwe haraka kuliko unavyojengwa. Kwa hiyo kila mwezi unaopita bila hedhi ni mwezi wa kupoteza mfupa, katika umri ambao ungepaswa kuuwekea akiba. Sehemu kubwa ya mifupa ya maisha yako inajengwa kabla hujamaliza miaka yako ya ishirini. Usichokiweka sasa huenda usikipate tena.

Hedhi ikikosekana miezi 3 mfululizo, nenda ukapimwe. Usingoje wa nne.

Ila kocha wangu anasema wakimbiaji wote wakubwa huwa hawapati.

Hapana, na tunarudia kwa sababu swali hili linarudi kila mara kwa sura nyingine. Kuwa jambo la kawaida kambini hakulifanyi liwe salama. Wapo wakimbiaji wa kimataifa wanaopata hedhi kila mwezi na wanashinda. Mazoezi peke yake hayakati hedhi ya mtu anayekula kulingana na mazoezi hayo. Kinachoikata ni pengo kati ya sahani na barabara.

Na kama nakimbia vizuri kuliko wakati wowote?

Bado ni hapana. Tunajua kwamba miezi ya mwanzo muda wako wa kumaliza mbio unaweza kushuka, na ndiyo mtego wenyewe. Unapunguza kilo mbili, unakimbia vizuri, unasifiwa, unapunguza nyingine. Baadaye misuli haina akiba ya wanga, mazoezi hayakujengi tena, mafua hayakuachi, na mfupa unapata ufa. Anayekuja kwetu wakati bado anashinda hutibika kwa urahisi zaidi. Kwa bahati mbaya, huyo ndiye asiyekuja.

Nikimeza vidonge vya uzazi wa mpango ili hedhi irudi?

Damu inayotoka ukimaliza pakiti si hedhi yako. Ni mwili kuitikia kukatika kwa dawa. Utaona damu, utatulia, na mfupa utaendelea kupungua, kwa sababu vidonge hivyo havijazi pengo la chakula wala havijathibitika kuulinda mfupa katika hali hii. Kama unavitumia kuzuia mimba, endelea navyo, ila usivichukue kama ushahidi kwamba mambo yako ni sawa. Na anayedhani hawezi kushika mimba kwa kuwa hedhi imekata, ajue kwamba yai hutoka kabla ya hedhi ya kwanza kurudi.

Nitajuaje kama maumivu ya mguu ni ya misuli au ni mfupa?

Bonyeza. Maumivu ya mfupa mara nyingi unaweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja. Huanza mwishoni mwa mazoezi, kisha yanakuja mapema zaidi, kisha unayasikia ukitembea, mwisho yanakuamsha usiku. Mahali pa kawaida ni muundi na mifupa ya mbele ya unyayo, na mapumziko ya wiki 6 hadi 8 mara nyingi huyatuliza, mradi chakula nacho kirekebishwe.

Maumivu ya kinena au ndani ya nyonga ni habari nyingine. Hayo tuyachukulie kama ufa wa shingo ya paja mpaka picha itakaposema vinginevyo. Ufa huo ukiachiwa ukavunjika na kuachana, damu ya kulisha kichwa cha paja inaweza kukatika, na hapo tunazungumzia upasuaji, pengine na nyonga kuharibika kabisa kwa mtu wa miaka 22.

Tafadhali, acheni kuchua. Acheni kumeza dawa za maumivu asubuhi ili mmalize mazoezi ya jioni. Dawa hainyamazishi ufa, inakunyamazisha wewe.

Mimi ni mwanaume. Hili linanihusu?

Linakuhusu. Tofauti ni kwamba huna hedhi ya kukuonya. Testosteroni inashuka, hamu ya tendo la ndoa inapotea, na uume hausimami asubuhi kama zamani. Wanaume huona aibu kulisema, wanasema wamechoka tu. Mifupa yao hupata nyufa zilezile. Ukiona mabadiliko hayo kwa wiki kadhaa, yataje, sisi hatushangai.

Kuna dalili nyingine?

Baridi isiyoisha, choo kigumu, tumbo kujaa, usingizi wa mang'amung'amu, hasira za karibu, upungufu wa damu, vidonda vinavyochelewa kupona. Kuzimia, au moyo kupiga bila mpangilio, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Binti yangu ana miaka 16, anakimbia sana, hajawahi kuvunja ungo. Nimwache, atavunja tu?

Mama, usimwache. Msichana ambaye hajaona hedhi akifika miaka 15 anapaswa kuchunguzwa, mkimbiaji au si mkimbiaji. Mpeleke mwezi huu.

Sasa nile vipi?

Ongeza chakula na upunguze kilomita, vyote kwa pamoja. Kwa wengi tunaanza na nyongeza ya kilokalori 300 hadi 600 kwa siku. Usikimbie mazoezi mazito na tumbo tupu eti "kuzoesha mwili kuunguza mafuta". Kula wanga kabla, na kula tena ndani ya saa moja baada ya kumaliza. Mwenye mazoezi ya saa 1 hadi 3 kwa siku huhitaji gramu 6 hadi 10 za wanga kwa kila kilo ya mwili. Hapo ndipo wengi wanashtuka, maana wanga ndio waliouogopa miaka yote. Kwenye mbio za zaidi ya saa moja na nusu, chukua gramu 30 hadi 60 kila saa. Kalsiamu, vitamini D na madini ya chuma tutavipima na kuviongeza panapohitajika, lakini hakuna kidonge kinachoziba pengo la chakula.

Hedhi inaweza kuchukua miezi kadhaa kurudi, na mfupa huchukua miaka. Ukiona huwezi kuongeza chakula, yaani unaogopa, unajificha, unatapika au unajiadhibu kwa kukimbia ukishakula, sema hivyo hivyo. Huo ni ugonjwa wenye tiba, na unahitaji mtaalamu wa afya ya akili pamoja na sisi. Aliyekonda sana asijirudishie chakula kingi kwa mkupuo akiwa peke yake. Madini ya damu huweza kuporomoka.

Kocha anatupima uzito kila wiki mbele ya wenzetu. Nifanyeje?

Una haki ya kukataa. Mary Cain wa Marekani alikimbia fainali ya mita 1500 ya mashindano ya dunia mwaka 2013 akiwa na miaka 17. Mwaka 2019 alieleza hadharani kwamba, aliposhinikizwa apungue uzito, alikosa hedhi miaka 3 na kuvunjika mifupa 5. Kocha anayetaka namba ya kufuatilia, afuatilie muda wenu, usingizi wenu, na nani ameumia mara ngapi mwaka huu.

Nina mashindano baada ya wiki mbili na kinena kinauma. Nikishamaliza ndipo nije?

Hapana. Njoo leo, na usije ukikimbia. Tumia magongo mpaka upigwe picha. Eksirei inaweza kuonyesha mfupa safi katika wiki za mwanzo wakati ufa upo, kwa hiyo ukiambiwa "hamna kitu" na bado unaumia, uliza kuhusu kipimo cha MRI, yaani picha ya sumaku. Beba tarehe ya hedhi yako ya mwisho, kilomita unazokimbia kwa wiki, na dawa zote unazotumia. Na anayekuhudumia asipokuuliza kuhusu hedhi, mwambie mwenyewe kabla hujatoka chumbani.