Una Charizard ya zamani? Subiri kwanza kabla hujatangaza utajiri

Mtu akipost kadi yake ya utotoni ya Pokémon, ule mchezo wa Kijapani wa viumbe vya katuni, tuseme ya Charizard lile joka la moto, dakika mbili nyingi, watu wameshaanza kumpigia hesabu ya kiwanja na gari. Na imani inayowaponza wengi ni hii kwamba kadi ikishakuwa ya zamani basi ni hela. Hapana bana. Marekani miaka ya mwisho ya 80 na mwanzoni mwa 90 makampuni yalichapa kadi za besiboli mpaka basi, watu wakanunua maboksi na kuyafungia kabatini wakisubiri yapande bei, sasa kwa kuwa kila mtu alitunza, mpaka leo zimejaa tele na nyingi hazirudishi hata hela ya kununulia. Halafu angalia kadi ya mchezaji wa besiboli Mickey Mantle iliyochapwa na kampuni ya Topps 1952, Agosti 2022 moja imeuzwa mnadani dola milioni 12.6, kama bilioni 29 za Kitanzania kwa rate ya wakati ule. Umri umechangia, sawa, ila kadi za toleo lile la mwisho wa msimu zilidoda dukani, na mwaka 1960 Topps wenyewe wakapakia masanduku yaliyobaki na kwenda kuyatupa baharini. Yaani kilichoifanya iwe adimu ni kwamba hakuna aliyeona maana ya kuitunza. Na hiyo wala siyo kadi ya kwanza ya Mantle, ya kwanza ni ya kampuni ya Bowman ya 1951, lakini hii ya 1952 imeiacha mbali kwa bei, so wale wanaosema kadi ya kwanza ya mchezaji ndo ghali siku zote, hapo wamekwama.

Turudi kwenye Charizard maana hapo ndo kuna vurugu. Mtu anaishika kadi, anasoma mstari mdogo wa chini anakuta 1995, 96, 98, anapiga kelele "nina kadi ya 1995!" Ndugu yangu, mwaka 1995 kadi za Pokémon hazikuwepo kabisa, zimeanza Japani Oktoba 1996, na za Kiingereza za kampuni ya Wizards of the Coast ni za 1999. Ile miaka ni ya hakimiliki tu. Cha kuangalia ni pembeni chini ya picha upande wa kushoto, kuna kamuhuri keusi kadogo ka toleo la kwanza? Hakapo? Haya, angalia ukingo wa kulia wa fremu ya picha, kama kuna kivuli basi unayo ile ya kawaida iliyochapwa kwa wingi, na kama imechakaa unaongelea dola mia kadhaa, siyo laki nne. Ile ya dola 420,000 iliyouzwa Machi 2022 ilikuwa na muhuri na gredi 10 ya PSA, kampuni inayokagua kadi na kuzipa alama ya ubora mpaka 10, na kadi hiyohiyo yenye gredi 9 ilikuwa inaenda kwa makumi ya elfu tu. Gredi moja hiyo!

Ndo maana wengine wakisikia hivyo wanakimbilia kuifuta kadi na kitambaa chenye maji, kuinyoosha kwa pasi, kupunguza kingo na wembe ili zikae sawa. Usithubutu. Wakaguzi wanapima vipimo na kuangalia kingo kwa lenzi, ikigundulika imechezewa haipewi namba ya gredi.

Ingawa hapa niseme ukweli, hata kadi kuwa ndani ya kile kiboksi cha plastiki ambacho PSA wanafungia kadi waliyoikagua siyo msahafu. Kuna kadi ya Honus Wagner, mchezaji wa besiboli wa zamani, zile zilizokuwa zinawekwa kwenye pakiti za sigara 1909 mpaka 1911, ambayo nyota wa hoki ya barafu Wayne Gretzky aliwahi kuimiliki, ilipewa gredi 8 na ikaja kuuzwa dola milioni 2.8 mwaka 2007. Mwaka 2013 Bill Mastro, dalali mkubwa wa minada aliyewahi kuiuza, akakiri kwamba aliikata kingo mwenyewe. Na hapo sijagusa viboksi feki, vipo vingi tu, namba ya cheti imenakiliwa kutoka kwenye kadi halali, kwa hiyo ukiingiza namba kwenye tovuti ya PSA inasoma vizuri kabisa na wewe unatulia. Linganisha picha ya kadi iliyoko kwenye tovuti na iliyoko mkononi mwako, mikwaruzo na jinsi ilivyokaa katikati, siyo namba peke yake.

Zile za rangi ya dhahabu za plastiki, pakiti ya 55? Toy. Mpe mtoto acheze. Na zile zilizopakwa dhahabu kweli ambazo Burger King waliuza 1999 ndani ya mpira wa Pokémon, ni halali lakini ziko nyingi mno.

Pia acheni kutaja bei ya mtu anayeuza eBay kama ndo thamani. Yule anaweza kuandika milioni, nani kamzuia? Bonyeza uone zilizokwisha kuuzwa, hapo ndo utakuta bei yenyewe, na mara nyingi inakata maini.

Mwisho hii ya "haijafunguliwa, so ni salama". Logan Paul, yule YouTuber wa Marekani, alilipa dola milioni 3.5 kwa kasha zima la Pokémon la toleo la kwanza, limeshakaguliwa na watu wenye jina, Januari 2022 akalifungua, ndani kadi za G.I. Joe, wale wanajeshi wa katuni na midoli. Kwa pakiti mojamoja za zamani kuna ujanja mwingine, ile kadi inayong'aa inaongeza uzito kidogo, basi wauzaji wanapima pakiti kwenye mizani ya sonara, nzito wanabaki nazo, nyepesi ndo wanakuletea wewe zikiwa hazijafunguliwa kweli.