"Sikujaliwa Mkono": Dhana Potofu Kuhusu Kujifunza Kuchora

Hapa Lubumbashi hakuna sentensi ninayoisikia mara nyingi zaidi, kwa wanafunzi wa shule na kwa watu wazima wanaokuja jioni baada ya kazi, kuliko hii: "Mwalimu, mimi sikujaliwa mkono." Wanaoitamka wanaandika kwa hati nzuri, wanashona na kusuka nywele, mikono yao ni mizima na myepesi. Kinachowakwamisha ni jicho ambalo halijazoezwa kupima, na kupima kunafundishika.

Mwambie anayeanza achore kichwa cha mtu, naye ataweka macho karibu na paji la uso, kwa sababu anachora anachokijua badala ya anachokiona. Ukweli ni kwamba kwa mtu mzima anayetazama mbele, macho hukaa takriban katikati, kati ya utosi na kidevu. Nyoosha mkono, fumba jicho moja, shika penseli wima, pima kwa kidole gumba urefu wa kutoka utosini hadi machoni, kisha uulinganishe na ule wa kutoka machoni hadi kidevuni. Kosa litajitokeza lenyewe. Kiwiko kisikunjwe, kwani kikikunjwa kipimo kinabadilika. Hili nalirudia kila somo na nitaendelea kulirudia. Nasisitiza pia timazi, uzi wenye kizito mwishoni kama wa waashi, kwa sababu huonyesha papo hapo kama kichwa kimekaa juu ya mguu unaobeba uzito au kimeegemea pembeni.

Anayeongeza kwamba umri umempita amkumbuke Vincent van Gogh, aliyeamua kuwa mchoraji mwaka 1880, akiwa na miaka 27, alipokuwa akiishi katika eneo la migodi ya makaa ya mawe la Borinage nchini Ubelgiji. Alinakili kwa subira vielelezo vya mafunzo vya Charles Bargue, akavirejea tena mwaka 1890, wakati kazi zake nyingi tunazozistaajabia leo zilikuwa zimekwisha kuchorwa. Kama mkono wa kuzaliwa ungetosha, asingevihitaji mara ya pili.

Dhana nyingine ni ya hapa kwetu, na inaniudhi kwa sababu inawadhulumu wakubwa wetu: eti wachoraji Pilipili Mulongoy na Bela Sara walichora bila kujifunza, kwa hiyo mafunzo huharibu ubunifu. Ni kweli kwamba Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, aliyeanzisha karakana ya Le Hangar mjini humu mwaka 1946, hakutaka wanakili sanaa ya Ulaya. Lakini walifanya kazi karakanani, na Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole kwa ustadi ambao haupatikani bila mazoezi. Njia yao ilikuwa tofauti, kazi haikupungua.

Wengi pia hudhani kivuli ni rangi nyeusi; sivyo. Kwenye ngozi ya kahawia iliyo nje mchana, kivuli hupokea mwanga wa anga, hivyo changanya kahawia nzito na buluu, na chupa ya nyeusi iache imefungwa.

Rangi ya mafuta nayo haikauki kwa maji kuvukizwa na jua; mafuta yake huungana na oksijeni ya hewani na kuwa magumu polepole. Kwa hiyo safu za chini ziwe na mafuta kidogo kuliko za juu, la sivyo safu ya juu itatangulia kukauka, na ya chini ikiendelea kusogea itaipasua.