"Nailoni" ya vifungashio ni nini hasa?

Kipakiti cha karanga za kukaanga pale soko la Majengo, Dodoma, huzibwa hivi: mdomo unakunjwa kwenye kipande cha msumeno wa chuma, unapitishwa haraka juu ya mshumaa, basi. Wengi tunakiita cha nailoni. Mara nyingi ni polithini, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi joto 110 hivi. Nailoni halisi huhitaji 220 au zaidi.

Polithini hiyo ikitandazwa nyembamba, ikakunjika na kufuata umbo la kilichomo, ndiyo filamu. Unene wake hupimwa kwa maikroni, na maikroni 1,000 ni milimita 1. Kiwandani punje za plastiki huyeyushwa na kusukumwa kupitia tundu la mviringo huku hewa ikipulizwa katikati, likatokea puto refu ambalo likipoa hubanwa na kuviringishwa kwenye roli.

Kwa kuitazama tu huwezi kujua kazi yake, na hapo ndipo wasindikaji wetu wadogo wanapoumia. Polithini huzuia unyevu vizuri lakini huachia oksijeni ipite, na oksijeni ndiyo inayochachisha mafuta ya karanga. Polipropilini, ile inayolia kwacha kwacha kwenye pakiti za biskuti, inang'aa zaidi, ila kwa oksijeni nayo ni dhaifu. Poliesta huzuia hewa vizuri zaidi lakini haizibiki kirahisi kwa moto. Ndiyo maana viwanda hugandanisha tabaka: poliesta nje, polithini ndani, pengine alumini katikati. Pasua pakiti ya krispi utazame ndani. Ule mng'ao wa fedha ni alumini iliyopakwa nyembamba kuliko maikroni 1, nayo huzuia hata mwanga. Kama karanga zako zitakaa dukani miezi, uliza tabaka kabla ya kuuliza bei.

(Katazo la mifuko ya plastiki Tanzania la Juni 1, 2019 liligusa mifuko ya kubebea, vifungashio vya vyakula vilivyosindikwa havikuhusishwa.)

Jambo moja nalisisitiza kwa sisi wa Dodoma, tulioona sumukuvu ikiua watu mwaka 2016. Filamu inayozuia unyevu kuingia huuzuia pia kutoka. Karanga zikifungwa kabla hazijakauka, jasho hujitokeza ndani ya mfuko na kuvu huota humo humo. Zianike mpaka ukizitikisa zikiwa kwenye maganda usikie zinalia, ndipo umenye, utoe zilizosinyaa, ufunge.